Nani Ana Ruhusa ya Kusimulia Mapenzi Yake? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia studioni, pale mtangazaji anapomuuliza msanii wa kike amepitia wanaume wangapi kabla ya huyu aliye naye, kisha anamgeukia msanii wa kiume kwa swali hilohilo, safari hii yeye na msanii huyo wakicheka. Mtu anaweza kudhani hayo ni maradhi ya zama za simu janja. Sivyo. Leo nataka turudi Unguja ya karne ya 19, maana huko tumeachiwa vitabu viwili vya watu waliokaribiana umri, wote wazaliwa wa kisiwa hicho, mmoja mwanamume na mwingine mwanamke, kila mmoja akijieleza mwenyewe.

Wa kwanza ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye wengi tunamjua kama Tippu Tip. Alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwaka 1902 na 1903. Ni kitabu cha pembe za ndovu, bunduki, watumwa na madeni. Ndoa nazo zimo, zimetajwa kwa pumzi ileile ya bei na mizigo: anaoa binti wa ukoo wa Barwani, mwenye mali Unguja na Maskati, kisha anashika njia ya bara. Baba yake naye alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyamwezi, akawa mtu mzito Tabora. Sijakutana na msomaji aliyekunja uso kwa mambo hayo. Tunayasoma kama sehemu ya makuu ya mtu mkuu.

Wa pili ni Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na baadaye kujulikana Ujerumani kwa jina la Emily Ruete. Kumbukumbu zake zilitoka Berlin mwaka 1886, kwa Kijerumani. Humo anaeleza bila kigugumizi nyumba aliyokulia: baba mwenye mke mkuu mmoja, masuria 75 aliowaacha alipofariki mwaka 1856, na watoto 36 waliobaki hai. Anaeleza vyakula, mavazi, ugomvi wa ndugu, na jinsi alivyojifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi kwenye mfupa wa bega la ngamia. Anakiri hata kosa lililokuwa la hatari kubwa: mwaka 1859, akiwa na miaka 15, alikuwa mwandishi wa barua za njama ya kaka yake Barghash dhidi ya kaka yao mwingine, Majid, aliyekuwa kwenye kiti.

Msichana huyo aliyekula njama dhidi ya Sultani akaandika, na kisha akaandika tena kwamba alikula njama, anapofika kwenye mapenzi yake kalamu inakuwa nzito. Tunaambiwa nyumba yake ya mjini ilipakana na ya mfanyabiashara wa Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Kwamba kutoka darini kwake aliweza kuona wageni wakikaribishwa chakula upande wa pili. Kwamba urafiki ukageuka mapenzi. Kurasa chache, basi. Mimba haitajwi. Agosti 1866 aliondoka kwa manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer hadi Aden, na mtoto wa kiume akazaliwa hukohuko Desemba. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa na kufunga ndoa siku hiyohiyo, kisha wakaelekea Ulaya. Mtoto yule hakuishi. Msomaji wa mwaka 1886 hakumkuta popote kitabuni.

Nani angemlaumu? Alikuwa mjane wa miaka mingi. Mumewe alifariki mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo. Alikuwa anadai urithi wake Unguja na wakati huohuo anahitaji heshima ya mabibi wa Ujerumani, ambao hawakuwa wepesi zaidi wa kusamehe kuliko mabibi wa Mji Mkongwe. Sentensi moja ya ukweli ingemharibia pande zote mbili. Barua alizoandika kuhusu miaka yake ya ndoa na ujane hazikuchapishwa hadi alipofariki mwaka 1924. Wasomaji wa Kiingereza walizipata mwaka 1993. Inanichekesha kidogo kwamba Majid, yule aliyefanyiwa njama, ndiye Salme anayemsifu kwa kutomwekea kinyongo. Barghash, aliyeandikiwa barua, akakataa kumpokea aliporudi mwaka 1885.

Basi tazameni tofauti ilipo. Wote wawili walipenda, wote wawili wakaoa na kuolewa. Ila kwa Tippu Tip kila mwanamke aliyetajwa ni nyongeza kwenye sifa zake, na kwa Salme mwanamume mmoja tu, tena mume wa halali hatimaye, alitosha kuwa hati ya mashtaka.

Nasema hati ya mashtaka kwa makusudi, kwa sababu sheria zilizotufikia kutoka Uingereza zilifanya hivyo hasa. Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, ambayo wakoloni waliileta Kenya na Tanganyika, ilimruhusu mwanamume aliyeshtakiwa kwa kubaka aoneshe mahakamani kwamba mlalamikaji ni mwanamke mwenye tabia mbaya kwa ujumla. Kenya ilipotunga Sheria yake ya Ushahidi mwaka 1963, kipengele hicho kikaingia katika kifungu cha 163. Hakukuwa na kipengele pacha cha kuchunguza tabia ya mshtakiwa katika mapenzi yake ya nyuma. Mwanamke alipanda kizimbani kueleza usiku mmoja, akajikuta anahojiwa juu ya miaka kumi. Ni Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006, katika kifungu cha 34, iliyozuia maswali ya aina hiyo yasiulizwe bila idhini ya mahakama. Huko Uingereza kwenyewe, sheria ya talaka ya mwaka 1857 ilimtosheleza mume kwa uzinzi wa mkewe, lakini mke alitakiwa kuthibitisha uzinzi pamoja na kosa jingine, kama vile ukatili au kutelekezwa. Iliwachukua hadi mwaka 1923 kusawazisha.

Hapo msomaji wa pwani atanikatiza: kwetu si wakoloni, kwetu ni dini na mila. Tuanze na dini. Katika Sura ya An-Nur, adhabu ya mzinifu mwanamume na mwanamke ni moja, viboko mia kila mmoja, na anayemsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi bila mashahidi wanne hupata themanini. Amri ya kuinamisha macho inaanza na wanaume, aya ya 30, ndipo wanawake wanafuata. Na mafundisho ya sitara, kwamba Mungu akikusitiri usijifunue mwenyewe, hayakubagua jinsia. Kijana anayekaa barazani akihesabu mabinti aliowapata amevunja sitara mara mbili, yake na ya mabinti hao. Sijasikia hotuba nyingi za Ijumaa juu yake.

Mila ina mambo zaidi, na si mabaya yote. Waswahili hawakuwahi kumziba mwanamke mdomo kabisa katika habari za mapenzi. Walimpangia mahali na namna. Ndani ya unyago na singo, somo humfundisha mwari mambo ambayo mtangazaji wa leo angeona haya kuyatamka. Kanga ina maneno yake, na mke mwenza akipita barazani amejifunga kanga fulani, aliyekusudiwa anajua. Kwenye taarabu mama anainuka na kwenda kumtunza mwimbaji kwenye ubeti mmoja tu, na ukumbi mzima unageuka kumtafuta aliyepigwa kijembe. Yote hayo ni kusimulia yaliyopita hadharani. Lakini ni kwa fumbo, na fumbo lina mlango wa nyuma: ukiulizwa, unasema kanga ni nguo tu.

Kosa la mwanamke wa studioni, kwa hiyo, ni kwamba amelivua fumbo. Amesema "mimi," amesema "yeye," amesema mwaka gani, hana tena mlango wa kutokea. Mwanamume hakuwahi kuhitaji mlango huo.

Kuna aliyeruhusiwa, nalo linafundisha. Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki Aprili 2013, alizungumza waziwazi kuhusu waume aliowaacha, akavuta sigara na kunywa mbele ya kamera, na watu wakampenda. Alikuwa mwalimu wa unyago na mwimbaji asiye na mfano, hilo halina ubishi. Nashuku, hata hivyo, kwamba umri ndio uliomnunulia ruhusa: hakuna mama mkwe aliyekuwa anampigia hesabu. Mwanamume hasubiri mvi ili asimulie.

Wapo watakaosema dawa ni wote wanyamaze, wake kwa waume, na mambo ya chumbani yabaki chumbani. Sina ugomvi nao, mradi waanze na vijiwe na kumbi za starehe ambako wanaume husimulia majina ya watu wasiokuwepo kujitetea. Mapenzi yana watu wawili. Anayeyasimulia anatumia heshima ya mwenzake pia, na mpaka sasa ni mmoja tu anayelipishwa.

Isitoshe, kunyamaza hakuwezekani kila mara. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 69, inampa mtu aliyevunjiwa ahadi ya ndoa haki ya kudai fidia. Ili adai, lazima asimame mbele ya hakimu, akiwa na barua, picha na mashahidi, aeleze uchumba ulivyokuwa. Wiki ijayo tutaingia mahakamani humo.