Wazee Wetu na Kidonge cha Jioni

Mwaka 1983, katika hospitali ya Ndolage, nchi ya Buhaya, walitambuliwa wagonjwa watatu wa UKIMWI. Hao ndio wa kwanza kujulikana katika Tanzania Bara. Watu wa vijijini hawakulijua jina hilo. Wao waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la kitambaa kilicholetwa na wachuuzi kutoka Uganda. Muda si muda Juliana akaingia katika vibanja vingi, akaacha wajane, yatima, na wazee wenye kuzika watoto wao. Ilipita miaka zaidi ya ishirini kabla Serikali haijaanza kugawa dawa bila malipo, mwaka 2004.

Basi, aliyekuwa na miaka 40 wakati ule, leo amepita 60. Zamani jambo hili halikutazamiwa. Hata uchunguzi wa taifa wa mwaka 2003 na 2004 uliwapima damu watu wa miaka 15 mpaka 49 tu, kana kwamba aliyefika 50 hahusiki. Siku hizi mvi si ajabu katika foleni ya dawa. Wengine waliupata ujanani wakazeeka nao. Wengine wamejulikana uzeeni, baada ya kufiwa na mume au mke.

Kwa upande wa mwili mengi yamekuwa mepesi. Kwa wengi ni kidonge kimoja kila siku, saa ileile. Mtu akikimeza sawasawa, virusi hupungua katika damu hata kipimo kisivione, na akidumu hivyo hamwambukizi mwenzi wake katika ndoa. Shida kubwa iko moyoni. Mzee huona haya kuliko kijana. "Mtu mzima na mambo haya!" ndilo neno analoliogopa. Kwa hiyo huficha vidonge katika debe la maharage, akangoja mkwe wake aende kuteka maji ndipo ameze. Mkwe asipotoka, siku imepita. Wageni wakilala, siku mbili. Hivyo siri huweza kumwua mtu ambaye dawa anazo ndani ya nyumba.

Tena kuna ile huzuni ambayo sisi huiita mawazo. Mzee hali vizuri, halali, haendi tena msibani wala sokoni, akisalimiwa huitika kwa shida. Jamaa husema, "Ni uzee tu." Ndugu wasomaji, si uzee. Ni ugonjwa wa moyo kuvunjika, nao unatibika. Tena mwenye ugonjwa huo ndiye aelekeaye kuruka vidonge.

Nini basi humshika mzee asianguke? La kwanza ni kazi. Bibi aliyeachiwa wajukuu wanne hana nafasi ya kulala kitandani akiutazama ukuta. Asubuhi kuna uji, jioni kuna ndizi za kumenya, na ada ya shule inamngoja. Mzigo ni mzito, hakuna asiyejua, lakini wazee wengi husema wazi kwamba wanameza dawa kwa ajili ya watoto hao. Sisi jamaa hukosea hapa kwa wema wetu. Tukishajua hali ya mzee, twamnyang'anya panga, twamkataza kuchuma kahawa, twamwambia "pumzika." (Wengine hata ufunguo wa ghala humchukulia, wakidhani wanamheshimu!) Mwachieni kazi inayolingana na nguvu zake, na shauri la nyumba aulizwe kama zamani.

La pili ni mtu wa kusema naye. Katika Zimbabwe daktari mmoja wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza mwaka 2006 na akina bibi 14 wa mtaa wa Mbare, katika jiji la Harare. Walifundishwa kuketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, kumsikiliza, na kumsaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Washona nao wana neno lao la kuwaza kupita kiasi, kufungisisa. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulikuwa na wagonjwa 573, na zaidi ya wanne katika kila kumi waliishi na virusi. Baada ya miezi sita, walioketi na akina bibi walikuwa wamepungukiwa huzuni kuliko wale wengine. Benchi kila nyumba inalo. Mzee achague mtu mmoja tu wa kumwambia, dada, shemeji au mjukuu mkubwa, na huyo aufunge mdomo wake. Vikundi vya wenye hali moja navyo vipo karibu na vituo vingi vya dawa, mwuguzi atamwonyesha.

Na chakula? Virusi haviambukizi kwa sahani wala kikombe. Kikapu cha kahawa ya kutafuna kikizungushwa kwa wageni, kimfikie na yeye, achukue kwa mkono wake, na kiendelee kwa mwingine.

Siku ya kliniki ikifika, mwenye pikipiki ampeleke, au atafutiwe nauli mapema. Aombe kupimwa presha na sukari siku hiyohiyo, maana uzeeni magonjwa hayo huja pamoja. Kama halali usingizi au hataki kula, amwambie mwuguzi na hilo. Mwenyewe akiona haya, aliyemsindikiza amsemee.