MTOTO ALIYEZALIWA NA KASORO YA NJIA YA MKOJO ASIFICHWE



Nikitembelea nyumba kwa nyumba katika zoni yetu, nilimkuta mtoto wa kiume wa miaka 9 ambaye ameacha shule. Alizaliwa na mgongo wazi, na mkojo humtoka bila yeye kujua. Wenzake walimcheka kwa sababu ya harufu. Tangu asubuhi alikuwa hanywi maji, ili asijikojolee mbele ya watu. Mama yake alidhani ni ukaidi. Kumbe ilikuwa aibu.

Kasoro hizi ni zipi?

Ziko za namna nyingi. Mwenye mgongo wazi, mishipa ya fahamu inayoongoza kibofu huwa imeharibika. Mwingine huzaliwa kibofu kikiwa wazi nje ya tumbo. Hao ni wachache sana. Kuna pia wavulana ambao tundu la mkojo liko chini ya uume badala ya kwenye ncha. Hao ni karibu 1 katika kila wavulana 200 hadi 300. Si laana, si uchawi, wala si kosa la mama.

Aibu inamdhuru vipi?

Mtoto anayechekwa hujitenga, hachezi, hasomi. Akifika ujana hujiuliza kama atapata mchumba na kuzaa, na hana wa kumwuliza. Wengi wenye kasoro hizi huoa au huolewa. Mambo ya uzazi hutegemea kasoro yenyewe, mwulizeni daktari.

Tufanye nini?

1. Msimpige wala kumtukana. Hajikojolei kwa kupenda.

2. Mpeni maji ya kunywa. Akikosa maji, mkojo huwa na harufu kali zaidi na huweza kumletea maambukizo.

3. Mwambieni ukweli kulingana na umri wake. Mfundisheni jibu fupi: "Nilizaliwa hivi, haiambukizi."

4. Mwoneni mwalimu faraghani. Mtoto aruhusiwe kwenda chooni wakati wowote, na awe na nguo ya kubadili.

5. Mvulana mwenye tundu chini ya uume asitahiriwe kabla daktari hajamwona. Ngozi ile huweza kuhitajika katika upasuaji.

6. Kwa mwenye mgongo wazi, ulizeni kituo cha afya kuhusu mpira safi wa kutolea mkojo. Mtoto mkubwa huweza kujifunza kuutumia mwenyewe.

Akikataa kula, akikosa usingizi, au akinyamaza siku nyingi, njooni mtuone. Akisema ni heri afe, msimwache peke yake. Mleteni siku hiyo hiyo. Siri yenu haitatoka.

Mtoto yule sasa amerudi darasani. Anakaa karibu na mlango, na anakunywa maji. Jirani, nawe una kazi: mwite kwa jina lake, usimwite kwa ugonjwa wake.