Sumaku zenye majirani

Namba 13 na 31 za njia ya ndege hapa Bangboka zimefuata sindano ya busola. Sindano moja inatii sumaku ya dunia tu. Lakini tukiweka nyingi karibu-karibu? Kila moja inavutwa na majirani.

Mwaka 2006, Peter Schiffer na wenzake huko Marekani walipanga sumaku ndogo, zisizoonekana kwa macho, nne kwa kila njia panda. Wapi! Haziwezi kuridhika zote. Penye njia panda nyingi, mbili zinaelekea ndani, mbili nje. Ndivyo barafu ilivyo: kila oksijeni ina hidrojeni mbili karibu, mbili mbali. Basi wakaziita barafu ya sumaku.

Moto ukizidi, mpango unavunjika. Hata chuma, kwa digrii 770, kinapoteza usumaku wake. Kumbe haibadiliki moja peke yake. Linageuka kundi zima.