Je, Wajua? Meza ya shabaha na miguu mitatu

Je, wajua kwamba Wamarekani wengi wa mashambani, wanapojitengenezea uwanja wa shabaha nyumbani, huipa meza ya bunduki miguu mitatu tu? Sababu ni ile ile ya mafiga: matatu hukaa imara hata ardhi ikiwa na mabonde, ilhali mguu wa nne huleta mtikisiko. Kwa umbali wa mita 100, mtutu ukipotoka kwa sehemu moja tu ya 60 ya digrii, risasi hutua kando kwa milimita 29 hivi.

Bunduki hulazwa juu ya mifuko ya mchanga, mmoja chini ya mbao ya mbele, mwingine chini ya kitako. Mtutu wenyewe hauegemezwi popote, kwa kuwa hutetema risasi inapopita ndani yake. Mpigaji akiufinya taratibu mfuko wa nyuma, kitako huinuka kidogo na mdomo wa mtutu hushuka. Ni kazi ya vidole, si ya misuli.

Karatasi ya kulengea ni jambo dogo. Kinachogharimu jasho ni tuta la udongo nyuma yake, nene, refu, lisilo na mawe ya kurudisha risasi. Uzio wa mbao haufai kitu. Hata risasi ya .22, ndogo inayotumiwa na wanaojifunza kulenga shabaha, huweza kuruka zaidi ya kilomita moja. Pakiti zake nyingi huko Marekani zina onyo kuhusu umbali ambao risasi hiyo bado ni hatari.