Mbwa mzee anayechechemea: dawa ya goti lako si dawa yake



Wiki hii tunazungumza juu ya mkaaji wa parsele ambaye hatujawahi kumpa nafasi katika jarida letu: mbwa mzee wa nyumbani. Wengine watacheka na kusema, "Watu wanaumwa, ninyi mnaandika juu ya mbwa?" Wacheke, lakini wasome hadi mwisho. Tunaandika kwa sababu tulikosa, na kosa letu lilitaka kuua.

Mwenzetu mmoja wa likelemba ana mbwa anayeitwa Tutaona. Alimpata akiwa mdogo, mwaka ule mtoto wake wa tatu alipoanza darasa la kwanza. Leo kijana huyo anamaliza sekondari, na Tutaona ana miaka 12. Katika usiku ambao mtu hawezi kulala vizuri hapa Ituri, na tunaujua sote, huyo mbwa ndiye alikuwa sikio la nyumba. Akinyamaza, mama alilala. Akibweka kwa namna fulani, mama aliamsha watoto.

Mvua zilipoanza, Tutaona alianza kuamka kwa shida. Alinyoosha miguu ya nyuma polepole, akachechemea hadi kwenye mlango, akalala tena. Mwenzetu alituuliza baada ya mkutano afanye nini. Nasi tukamjibu upesi, kama tunavyojibiana sisi kwa sisi: "Mpe diklofenaki, si hata sisi inatusaidia magoti?" Akanunua vidonge, akampa kimoja asubuhi na kimoja jioni ndani ya fufu. Siku ya pili mbwa alisimama kama kijana. Siku ya tatu alikataa chakula. Siku ya nne alitapika, na mavi yake yalikuwa meusi, yenye kunata kama lami.

Munganga wa wanyama alipofika, aliuliza jambo moja tu: "Mmempa dawa gani ya watu?" Tutaona alipona, lakini baada ya majuma mawili ya kuchungwa kama mtoto mchanga. Shauri lile lilikuwa letu. Ndiyo maana makala hii ni yetu.

Kwa nini viungo vinamuuma

Kwenye kiungo, mifupa miwili inakutana. Mwisho wa kila mfupa umefunikwa na gegedu, kitu laini kinachofanya mifupa iteleze bila kusuguana. Kwa miaka, gegedu inakwisha, kiungo kinavimba, na kila hatua inakuwa maumivu. Ni ugonjwa ule ule wa magoti na nyonga unaowapata wazee wetu. Hauponi kabisa, lakini maumivu yanaweza kupunguzwa sana.

Mbwa halii kila anapoumwa. Anaficha. Basi angalieni haya:

- anaamka kwa shida asubuhi, hasa kukiwa na baridi, kisha anatembea vizuri kidogo akishapata joto;
- anaacha kuruka au kupanda ngazi aliyokuwa anaipanda;
- analamba kiungo kimoja kila wakati;
- mapaja ya nyuma yanakonda;
- ananguruma akiguswa mgongo au nyonga, hata na mtoto anayempenda.

Kabla ya kusema ni uzee

Si kila mbwa anayechechemea ana ugonjwa wa viungo. Mgeuzeni nyayo, mtazame kati ya vidole. Funza wanaweza kumfanya asikanyage chini. Kucha ndefu zilizojikunja zinaumiza. Mwiba, kipande cha chupa au kidonda cha waya, vyote vinawezekana. Kupe pia wanaleta ugonjwa wa damu unaotia homa na kuumiza viungo. Mbwa mwenye kupe wengi, homa na ulegevu anahitaji matibabu mengine.

Na jambo moja kubwa kuliko yote: kichaa cha mbwa. Mbwa akibadilika tabia ghafula, akitoa mate mengi, akishindwa kumeza, sauti ikibadilika au miguu ya nyuma ikilegea, msifungue mdomo wake kumpa kidonge chochote. Ondoeni watoto, mfungieni ikiwezekana bila kumgusa, mwite munganga wa wanyama. Mtu akiumwa naye, au mate yakiingia kwenye kidonda, aoshe mahali pale kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku ile ile. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, ni kifo. Chanjo ikianza mapema inaokoa.

Mfuko wa dawa wa mama si wa mbwa

Diklofenaki, ibuprofeni, indometasini: dawa hizi tunazo karibu kila nyumba. Zinapunguza maumivu kwa kuzuia kitu fulani mwilini, lakini kitu hicho hicho ndicho kinalinda ngozi ya tumbo na kusaidia damu ifike vizuri kwenye figo. Mwili wa mbwa hauzivumilii kama wetu. Tumbo linapata vidonda na kutoka damu ndani, figo zinachoka. Aspirini nayo inaweza kutoa damu tumboni. Parasetamoli ikizidi inaharibu ini la mbwa, na kwa paka ni sumu kabisa: kidonge kimoja kinatosha kumuua.

Kama mnashangaa dawa njema kwa mmoja kuwa sumu kwa mwingine, kumbukeni yaliyotokea Asia ya kusini. Wafugaji walitibu ng'ombe kwa diklofenaki. Ng'ombe walipokufa, tai waliokula mizoga yao walikufa kwa figo, karibu waishe wote. Mwaka 2006 India, Nepal na Pakistan zilikataza dawa hiyo kwa mifugo. Ni dawa ile ile iliyo kwenye mfuko wako wa mkono.

"Basi nitavunja kidonge kidogo," mwingine atasema. Tufanye hesabu. Kuna dawa inaitwa meloksikamu, inayotumiwa kwa watu na pia kwa mbwa. Kwa mbwa, kipimo cha kila siku ni miligramu 0.1 kwa kila kilo, baada ya siku ya kwanza ambayo munganga anaweza kutoa mara mbili yake. Mbwa wa kilo 12 anahitaji miligramu 1.2 kwa siku. Kidonge cha watu kina miligramu 7.5 au 15. Kile cha 15 ni zaidi ya mara 12 ya kipimo chake! Hakuna kisu cha jikoni kitakachokata kidonge hicho sawasawa. Hesabu hii si ya kujitibia. Tumeiweka mwone jinsi kosa lilivyo rahisi.

Hapa kwetu kuna pia mazoea ya kuchoma mbwa sindano iliyobaki ya ng'ombe. Dawa ya ng'ombe imetengenezwa kwa mnyama wa mamia ya kilo. Tuache.

Munganga akiisha kumpa dawa

Munganga wa wanyama anaweza kuchagua dawa ya maumivu ya mbwa, kama meloksikamu au karprofeni kwa kipimo chao. Dawa hizi zinasaidia kweli, lakini nazo zina madhara, basi mama anayezitoa ajue la kufanya:

1. Pima uzito kwanza. Panda mizani ukiwa peke yako, kisha panda tena ukiwa umembeba mbwa. Ukiwa na kilo 68, na pamoja naye 80, yeye ana 12. Mwambie munganga namba hiyo.
2. Mpe dawa pamoja na chakula, si tumbo likiwa tupu. Maji safi yawepo mchana na usiku. Mbwa anayetapika, anayeharisha au asiyekunywa maji asipewe dawa hiyo mpaka munganga aseme, kwa sababu figo zitaumia zaidi.
3. Usichanganye. Dawa mbili za maumivu kwa pamoja ni hatari. Hatari zaidi ni kuchanganya na prednisoloni au deksametasoni. Kama mbwa amepata sindano yoyote siku zilizopita, sema. Kubadilisha dawa moja kwa nyingine kunahitaji kungoja siku kadhaa, na munganga ndiye anazihesabu.
4. Usiongeze kipimo kwa sababu leo anachechemea zaidi. Na kama alikuwa anapewa prednisoloni kwa muda mrefu, usiikate ghafula, inapunguzwa polepole.

Acha dawa na umwite munganga siku ile ile ukiona: amekataa chakula, anatapika, anaharisha, mavi ni meusi au yana damu, anakunywa na kukojoa kuliko desturi, macho au fizi zina rangi ya manjano, fizi zimekuwa nyeupe, au amelegea tu. Prednisoloni yenyewe inaongeza kiu, njaa na mkojo. Hata hivyo, mwambie munganga.

Kama amemeza dawa ya watu, usimpe mafuta, chumvi wala maziwa ili atapike. Chukua paketi ya dawa, hesabu vidonge vilivyopungua, utafute munganga upesi.

Mwenzetu sasa ana daftari la shule. Kila siku anaandika mistari mitano: tarehe, dawa na saa, kama amekula, mavi yalikuwaje, ametembeaje. Munganga alipoliona alisema angependa hata wenye ng'ombe wafanye hivyo.

Yale yasiyo ya kununua

Tunajua faranga ya mfukoni inagombewa na unga, masomo na dawa ya watoto. Hatusemi mbwa apite mbele ya mtoto. Tunasema hivi: kama huna pesa ya munganga mwezi huu, ni afadhali usimpe dawa yoyote kuliko kumpa isiyo yake, na ufanye haya, yanayosaidia kila siku:

*Kitanda.* Usiku wa Bunia una baridi, na simenti inaivuta mpaka mifupani. Weka gunia lenye majani makavu juu ya mbao au godoro la zamani, mahali pasipofika mvua. Badilisha majani yakilowa.

*Joto.* Chovya kitambaa katika maji ya moto kiasi, kamua, jaribu kwanza kwenye mkono wako wa ndani. Kikiwa hakikuchomi, mwekee kwenye nyonga kwa dakika 10, asubuhi na jioni. Kisha papasa misuli ya mapaja polepole. Akivuta mguu, acha.

*Kutembea.* Asilale siku nzima, wala asikimbizwe nyuma ya moto hadi sokoni. Matembezi mafupi mara mbili au tatu kwa siku yanatosha. Kiungo kisichotembea kinakauka.

*Uzito.* Mbwa wetu wengi ni wembamba. Hao wasipunguziwe chakula. Lakini yule anayeishi karibu na mgahawa na kunenepa kwa mabaki, kila kilo ya ziada inakandamiza kiungo. Huko Marekani watafiti walifuata mbwa 48 aina ya Labrador maisha yao yote. Waliopewa chakula pungufu kwa robo waliishi karibu miaka miwili zaidi, na viungo vyao vilichelewa kuharibika. Mpe fufu kiasi na samaki wadogo wa ziwani, bila mchuzi wenye vitunguu. Vitunguu vinaharibu damu ya mbwa.

*Njia.* Weka tofali chini ya sahani yake asiiname sana. Kwenye ngazi, jaza udongo au weka ubao apande bila kuruka. Punguza kucha.

*Watoto.* Wafundisheni: mzee huyu hapandwi mgongoni, havutwi mguu, haamshwi kwa teke. Mbwa mwenye maumivu anaweza kuuma hata rafiki.

Tufanye pamoja

Moto ya kumleta munganga kwa mbwa mmoja ni ghali kwa mama mmoja. Basi tumekubaliana katika kikundi chetu: nyumba tano au sita zinaungana, munganga anaitwa mara moja, mbwa wote wanachanjwa kichaa siku hiyo, na wazee wanaangaliwa viungo. Kila mama analeta namba ya uzito na daftari lake. Vikundi vingine mnaweza kuanza hivyo hivyo.

Na siku itafika. Mbwa ambaye hawezi tena kusimama kukojoa, hali, anaugua usiku kucha hata na dawa, huyo anateseka. Asipewe sumu ya panya, asitupwe barabarani. Ongea na munganga. Anayo njia ya kumlaza bila maumivu. Waelezeni watoto ukweli, wamuage.

Tutaona hajafika huko. Anachechemea bado. Jioni analala kwenye gunia lake karibu na mlango, sikio moja limesimama. Mwenzetu anasema hafukuzi tena mtu, anabweka tu. Lakini mama analala.

Kama nawe una mbwa mzee, leta habari zake kwenye mkutano ujao. Na ukisikia mmoja wetu anatoa shauri la dawa kwa haraka, hata kama ni mama mwenyekiti, mnyamazishe kwa heshima: "Mama, tumuulize munganga kwanza."

Mbaki na amani.