Waridi la jangwani: Ua linalouawa na maji mengi

KATIKA mtaa wa Magongo, eneo la Changamwe, Mombasa, ambako mifereji huweza kukauka kwa siku kadhaa, bustani ya maua huonekana kuwa anasa. Hata hivyo, kuna ua moja linalostahimili uhaba huo na kuchanua: waridi la jangwani.

Licha ya jina hilo, mmea huu hauna udugu na waridi. Huhifadhi maji katika shina lake nene, lililovimba sehemu ya chini mithili ya kibuyu. Mtaalamu wa mimea Peter Forsskål aliukuta Yemen, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1775. Lakini hapa Kenya ni mwenyeji wa tangu zamani, na humea wenyewe katika nyika kavu za Tsavo.

Ule wa nyikani huwa na maua mekundu au ya waridi. Wakuzaji wa Thailand na Taiwan wamezalisha machotara yenye maua ya manjano, meupe, zambarau na hata mekundu yaliyokoza yakakaribia weusi, mengine yakiwa na petali za tabaka mbili au tatu.

Machotara hayo aghalabu hupandikizwa juu ya shina la mmea wa kawaida. Mnunuzi achunguze mahali pa kiungo. Machipukizi yakichomoza chini yake, yakatwe mapema, la sivyo yatachanua maua ya shina la asili badala ya yale yaliyolipiwa. Aidha, mbegu za chotara hazina hakika ya kutoa rangi ya mzazi.

Joto na jua la Mombasa huufaa mmea huu. Adui ni maji yanayotuama. Chungu kiwe na matundu, na udongo uchanganywe na mchanga wa mtoni, kokoto ndogo na samadi kidogo iliyooza vizuri. Mchanga wa ufuoni haufai kwa sababu ya chumvi. Mmea uwekwe juani kwa muda usiopungua saa sita kwa siku, na umwagiliwe pale tu udongo unapokauka.

Hatari kubwa huja masika, hasa Aprili na Mei, mvua inaponyesha mfululizo. Wakati huo chungu kihamishiwe chini ya paa, mahali penye mwanga na hewa. Shina likibonyea kwa kidole na kutoa majimaji, limeanza kuoza. Sehemu iliyooza ikatwe kwa kisu safi hadi kufikia nyama nzima, kisha mmea uachwe kivulini siku kadhaa ili kidonda kikauke kabla ya kupandwa upya. Majani yakipukutika wakati wa ukavu huku shina likiwa gumu, mmea umepumzika tu. Kuuongezea maji ni kuuangamiza.

Jambo lisilofaa kupuuzwa ni sumu. Utomvu wake hudhuru moyo, na katika sehemu mbalimbali za Afrika ulipakwa kwenye mishale ya uwindaji. Anayepogoa avae glavu na kunawa mikono, na chungu kiwekwe mbali na watoto na mbuzi.

Hakuna haja ya kung'oa mimea ya nyikani, ambayo huchukua miaka mingi kunenepa. Mbegu mbichi huota upesi, na mche uliotunzwa vyema huweza kuchanua baada ya mwaka mmoja au miwili.