Fahamu: Mitaa ya michezo ya New York
Mitaa ya michezo ni mpango wa likizo ya kiangazi ulioanzishwa na polisi wa New York, Marekani, mwaka 1914, Arthur Woods akiwa kamishna. Vitongoji maskini vilikosa viwanja, na watoto waliocheza barabarani walikamatwa kwa kosa hilohilo la kucheza. Badala ya kuwakamata, polisi wakazuia magari kupita katika baadhi ya mitaa.

Leo mpango huu unaendeshwa na Police Athletic League, shirika lisilo la kiserikali linaloshirikiana na polisi. Julai na Agosti, shule zikiwa zimefungwa na wazazi wakiwa kazini, watoto huruka kamba na kucheza mpira wa kikapu juu ya lami, bila malipo. Baadhi ya wasimamizi ni vijana wanaolipwa ujira.